Inua Uso Nikuone

Dada yangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko uliko, wewe na shemeji pamoja na wapwa zangu wote. Natumaini barua hii itakukuta mgongo wako umetulia, na shemeji amepatana na yule jirani wa ghorofa ya juu anayepigilia misumari asubuhi watu wangali wamelala. Sisi huku hatujambo. Nimeandika "hatujambo" kwa kuwa mkono umezoea, na kwa kuwa barua isiyokuwa na neno hilo humtia msomaji hofu kabla ya wakati. Ukiendelea kusoma utajua mwenyewe kama tuna jambo au hatuna.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu unayezungumza naye kwenye simu kila Jumapili. Usishtuke, hakuna aliyefariki. Shangazi, mama yako aliyetulea sote wawili, yupo, anakula vizuri, mguu wake hauvimbi tena, na bado anafua nguo zake mwenyewe ingawa nimemkataza mpaka nimechoka. Ukitaka kuikunja barua hapa uendelee na kazi zako, utakuwa umepata habari zote njema zilizomo. Lakini nakuomba usiikunje.

Kwanza nikushukuru kwa kifurushi. Vidonge vya kumumunya vimefika, na ile chupa ya dawa ya kusukutua, na shali ya sufu ya kufunika shingo. Shangazi alivipokea akavigeuzageuza, akamtazama yule mtu aliyechorwa kwenye boksi akiwa ameshika koo lake, kisha akanitazama mimi. Alinitazama sana. Halafu akavipanga vyote juu ya rafu ya vikombe, pale ambapo nitaviona kila ninapotaka chai. Hajafungua hata kimoja. Kidonge kimoja nimemumunya mimi, kwa aibu, na ladha yake ni mbaya.

Jambo la pili, nimenyoa masharubu. Ukiniona leo utacheka, maana mdomo umebaki mtupu kama wa mtoto aliyeoshwa uso kwa nguvu. Wewe uliniambia yananizeesha, na mama yako aliyaita ufagio, na mimi nikawajibu kwamba mwandishi lazima afanane na picha yake iliyo nyuma ya kitabu. Sababu ya kuyafuga haikuwa picha. Nitafika huko, nivumilie.

Tuzo umeiona. Ni kitabu cha kioo kilichofunguliwa katikati, kizito kama jiwe la kusagia, na hakina neno hata moja ndani yake. Nimekiweka juu ya kabati la vitabu na kila mgeni hutaka kukishika. Siku ile ulinipigia ukilia kwa furaha, ukasema Kijino wetu aliyekuwa akitafuna penseli mpaka zikaisha leo anapeana mikono na wakubwa. Nilikuitikia vizuri. Ulipoomba nimpe mama yako simu ili akuone, nikasema koo limemshika na daktari amemkataza kusema. Jumapili iliyofuata nikasema koo lile lile, ila limeongezeka mafua. Iliyofuata nikasema kioo cha simu kimepasuka, hataweza kuuona mdomo wako vizuri. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nimeirefusha kadiri nilivyoweza, nikaiwekea na kona, lakini sasa nimefika mwisho wake.

Dada, mama yako haumwi koo. Aliacha kusema. Tangu jioni ya tuzo mpaka jana hakusema neno, si kwangu, si kwa jirani, si kwa paka. Na aliyemnyamazisha ni mimi.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana ukilipata katikati utadhani ni ugonjwa, na si ugonjwa.

Unakumbuka sheria za nyumba yetu. Kumsemesha Shangazi ukiwa umempa mgongo lilikuwa kosa kubwa kuliko tusi. Kuziba mdomo kwa mkono, kusema huku unatafuna, kusimama mbele ya dirisha mpaka uso ukaingia kivuli, yote hayo yalikuwa mwiko. Kelele za mashine ya kusaga aliyoiendesha zilimla masikio kidogo kidogo, sisi tukiwa tumekaa juu ya magunia tunaandika kazi za shule, tukifurahi kwamba nyumbani kuna chakula. Masikio yalipokwisha akajifunza kusikia kwa macho. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hakujisikia tena, sauti yake ilipanda ikakaa huko juu haikushuka. Siri zake zote alikuwa akizinong'ona, na fundi redio wa ng'ambo ya barabara alikuwa akiziitikia. Siku ulipovunja ungo alikupa mawaidha ya kike kwa faragha kabisa, na kesho yake mtaa mzima ukakupongeza. Ulilia siku mbili, mimi nikacheka siku tatu.

Tena kulikuwa na lile neno lake. Tukimwambia jambo tukiwa tumeinama, kwa haya au kwa uongo, alitushika kidevu kwa vidole vyenye unga, akatuinua. "Inua uso nikuone." Hakuwa akigomba. Alikuwa anataka kutusikia.

Kazi yangu yote, Dada, imejengwa juu ya hilo. Magazeti yameandika kwamba nina sikio la mtoto, ati najua sentensi gani itamchosha kabla hajaisoma. Niliposoma sifa hiyo kichwa kikanivimba, lakini sikio si langu. Tangu nilipokuwa msomaji wa prufu, msahihishaji wa makosa ya chapa, pale kiwanda cha uchapaji, nikirudi jioni na wino kwenye kola na hadithi yangu mfukoni, nilikuwa na njia moja tu ya kufanya kazi. Nilimkalisha Shangazi kwenye kiti cha dirishani, nikakaa mbele yake mwanga ukinipiga usoni, nikamsomea. Macho yake yalikaa kwenye mdomo wangu. Yakikaa, sentensi ilikuwa hai. Yakiondoka kwenda kumtazama ndege nje au kuhesabu nguo kwenye kamba, nilijua sentensi hiyo imekufa, nikaikata pale pale. Hadithi ya mbuzi aliyepanda ngazi ilikuwa ndefu mara mbili ya unavyoijua. Nusu yake ilienda na ndege wa Shangazi.

Alilipenda jambo hilo. Siku ya kusomewa alioga mapema, akavaa nguo safi, akafunga mlango ili jirani asije akatukatiza. Nikimaliza alitoa hukumu kwa sauti iliyofika kwa fundi redio, naye fundi redio kesho yake aliniuliza kwa nini yule mbuzi hakushuka upesi.

Basi vitabu vyangu viwili vya mwanzo vilisifiwa na havikununuliwa. Unajua, maana maboksi yake yalikaa chini ya kitanda changu mpaka ulipokuja likizo ukayageuza meza ya kupigia pasi. Mhariri wangu, yule mama mwenye miwani moja puani na nyingine kichwani, aliniita ofisini kwake akaniambia waziwazi. Alisema naandika vizuri lakini hadithi zangu zina adabu mno, watoto hawataki kufundishwa, wanataka kucheka, na ili wacheke lazima awepo mtu wa kuchekwa. Nikamtafute mtu huyo. Alisema nikimpata nitamjua.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilipofika kona ya mtaa wetu nikasikia sauti ya Shangazi. Alikuwa uani anamweleza jirani, kwa siri, habari za tumbo lake. Njiwa waliruka kutoka juu ya bati. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka akaanza kucheka, na mimi, Dada, nikacheka naye. Nilisimama pale pale nikatoa kalamu. Mhariri alisema kweli: nilipompata nilimjua.

Ndivyo alivyozaliwa Bibi Tarumbeta. Hujakisoma kitabu, najua, maana kila ulipoomba nakala nilikuambia posta imeipoteza. Posta haijapoteza kitu. Nikuambie kilichomo. Bibi Tarumbeta anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Nyusi zake ni nyeupe kwa unga. Anasema kwa sauti kubwa mpaka nguo zinaanguka kwenye kamba na maziwa yanaganda. Siri za watu wote anazitangaza. Kila mtoto anayekutana naye anashikwa kidevu na kuambiwa, "Inua uso nikuone!" Mtaa unafanya mikutano ya kumnyamazisha. Wanamjaribu kwa mto, kwa pilipili, kwa zawadi. Mwisho wa kitabu anafundishwa kunyamaza na mtoto mdogo mwerevu, anaweka kidole mdomoni, na mtaa wote unampigia makofi na kulala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza. Hakuna mahali popote nilipoandika kwamba hasikii. Ningeandika hivyo nani angecheka?

Kilichekesha. Siwezi kukudanganya hata kwa hilo. Kilichapwa, kikaisha, kikachapwa tena. Walimu waliniandikia kwamba watoto wasiopenda kusoma wanagombania nakala moja mpaka inachanika. Nilialikwa shule hata ambazo sikujua kama zipo. Shukrani ya punda ni mateke, na mateke yangu yalikuwa na picha za rangi.

Kisha likaja tangazo la tuzo. Shangazi ndiye aliyeona barua kwanza, na kwa kuwa hajui kusoma maandishi akaipeleka kwa fundi redio kabla sijarudi, na mtaa ukajua kabla yangu. Akashona nguo mpya. Akaanza kufanya mazoezi ya maneno aliyotaka kuwaambia watu endapo wangempa nafasi. Alikuwa akiyasema mbele ya kioo, na ukuta wetu ni mwembamba, hata nisingetaka ningeyasikia. Alitaka kusema, "Mimi ndiye ninayesomewa kwanza." Basi, hilo tu.

Nilijaribu kumzuia. Nilisema ukumbi una ngazi nyingi, nikasema hotuba ni ndefu na watu wataongea wakiwa wameinama kwenye karatasi zao. Alinijibu kwamba ngazi alizipanda na magunia mgongoni, na mimi nikiwa juu ya gunia mojawapo. Nikajipa moyo kwamba itakuwa shughuli ya watu wazima, makofi, maji ya chupa, na kurudi nyumbani.

Sikujua kwamba waandaaji walikuwa wametuandalia zawadi. Walileta wanafunzi, ukumbi ukajaa sare za kila rangi. Shangazi aliwekwa mstari wa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, na njiani kuelekea kiti hicho tayari alikuwa amewaambia mlinzi, mpiga picha na mama mmoja asiyemjua kwamba yeye ndiye anayesomewa kwanza. Watu walitabasamu. Mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kitu, wote wakamgeukia Shangazi, na nikajua wametambua. Mimi nilikuwa jukwaani, nimekaa na wakubwa, siwezi kushuka.

Likaanza igizo. Aliingia msichana aliyefungwa mto tumboni, kichwani amejifunga kitambaa, nyusi zimepakwa unga. Mkononi alikuwa na karatasi ngumu iliyokunjwa kuwa tarumbeta. Shangazi alicheka alipomwona, kwa kuwa mtoto yule alikuwa mzuri na mto ulikuwa unashuka. Bado alikuwa anacheka yule msichana alipoanza kujifuta unga kwenye nguo, hivi, kwa nyuma ya kiganja. Unajua nani hujifuta hivyo. Kicheko cha Shangazi kikapungua. Halafu msichana akamshika mwenzake kidevu, akakiinua, na mshereheshaji akawaomba watoto wote wa ukumbini wasimame waseme pamoja naye lile neno.

Walisimama, Dada. Wale wa nyuma na wa pembeni na wa kwenye roshani. Shangazi aligeuka kuwatazama, na wao walikuwa wanamtazama yeye, kwani mshereheshaji alikuwa amekwisha kuwaonyesha kwa mkono mahali alipokaa mama wa mwandishi. Nyuso zote zilikuwa zimeinuliwa. Mwanga ulikuwa mzuri. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeziba mdomo wala aliyempa mgongo, walifuata sheria zote za nyumba yetu bila kuzijua. Wakasema kwa midomo iliyofunguka vizuri, mara tatu, na yeye akaisoma midomo hiyo yote kwa pamoja.

Kisha msichana akaweka tarumbeta chini, akaweka kidole mdomoni, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Walipompa Shangazi kipaza sauti aseme neno kama mzazi, alikishika. Alifungua mdomo. Nilimwona akiutafuta ule usemi aliofanyia mazoezi mbele ya kioo. Halafu akaufunga, na akafanya kitu ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukifanya nyumbani kwetu: aliinua mkono akaziba mdomo wake. Watu wakadhani amezidiwa na furaha. Wakapiga makofi tena.

Tangu jioni ile nyumba imekuwa kama ya matanga. Anapika, anafagia, ananionyesha kwa mkono kwamba chai iko tayari. Fundi redio alikuja kuuliza kama kuna mgonjwa, maana miaka yote hii saa yake ilikuwa ni sauti ya Shangazi na sasa anachelewa kufungua duka. Jirani wa uani amekuja mara kadhaa, wakakaa wawili kimya wakichambua mboga, akaondoka anafuta macho. Na watoto, Dada! Watoto wa mtaa wanakuja getini na vitabu vyao, wamependeza, hawana ubaya wowote, wanampenda. Wanaita, "Bibi Tarumbeta, sema!" Anawapungia mkono. Juzi mmoja mdogo kabisa aliniuliza kama yule mtoto mwerevu wa kwenye kitabu ndiye aliyemfundisha Bibi kunyamaza. Nilimwambia ndiyo, ndiye.

Nilikwenda kwa mhariri kumwambia sitakiandika kile kitabu cha pili alichonitaka, ambamo Bibi Tarumbeta anapanda ndege. Aliteremsha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya puani, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba pia wasichape tena kile cha kwanza. Alisema kwa upole kwamba mashine imekwisha kuwashwa, na kwamba kitabu kikishafika kwa watoto huwezi kwenda kuwapokonya mikononi. Hakuwa na kosa. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliniuliza, kwa huruma tu, kama sikumsomea Shangazi kwanza, kwani alijua desturi yangu.

Hata wewe uliniuliza hivyo hivyo. Kitabu kilipotoka, Shangazi alikupigia kelele kwenye simu kwamba amekwisha kusomewa na amecheka sana, ukasema basi kama mama amekibariki kitafika mbali. Najua sasa hivi, unaposoma, hilo ndilo unalojiuliza. Kama alisomewa, imekuwaje akashtuka ukumbini?

Hapa ndipo ninapotaka kuinua uso, na ni vigumu.

Nilimsomea. Nisingeweza kuacha, maana alikuwa ameoga na kuvaa na kufunga mlango. Lakini siku ile nilikaa mimi kwenye kiti cha dirishani, mgongo wangu kwenye mwanga, nikamweka yeye mahali pangu. Masharubu yalikuwa yamekwisha kuota mpaka juu ya mdomo. Niliyafuga tangu ukurasa wa kwanza, kwa makusudi, na kila aliponiambia niyakate nilimwambia habari za picha. Nikakiweka kitabu mapajani, nikainamisha kichwa, nikasoma kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mdomo uliofungwa nusu. Sikuinua uso hata mara moja. Sikumdanganya kwa maneno, kwani maneno yote niliyasema. Nilimnyima mdomo tu.

Hakuniambia niinue uso. Nilingoja aniambie, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa nimetunga kwamba shingo inaniuma. Hakusema. Mabega yangu yalipotikisika kwa kucheka, naye alicheka, akichelewa kidogo kila mara. Nilipofunga kitabu alinishika kichwa, akaniletea chai, akaniambia nikalale, maji atateka mwenyewe. Nikalala, Dada. Nililala usingizi mzuri kama ule mtaa wa kwenye kitabu changu.

Jana asubuhi, baada ya kuitazama dawa yako ya koo tangu ilipofika, niliingia bafuni nikanyoa. Nikamwendea Shangazi na kitabu mkononi. Nikamwonyesha kiti cha dirishani akae yeye. Nikakaa mbele yake, mwanga ukanipiga, nikainua uso, nikamsomea yote. Nilisoma unga. Nilisoma njiwa na tumbo. Nilisoma mto na pilipili. Macho yake hayakuondoka mdomoni mwangu hata mara moja, na hiyo ndiyo sifa aliyokuwa akinipa siku zote, na jana ningetoa kila nilicho nacho ili atazame ndege. Nilipofika ukurasa wa mwisho, pale anapoweka kidole mdomoni, niliacha kusoma. Akagonga ukurasa kwa ukucha, niendelee. Nikaendelea mpaka makofi.

Akakichukua kitabu akakifunga. Akasema kitu. Alisema, Dada, lakini kwa sauti ndogo mno, sauti ya mtu asiyejua imetoka au haijatoka na anaogopa isije ikawa kubwa. Sikusikia. Mimi mwenye sikio la mtoto sikusikia. Nikamwambia arudie. Ikabidi nimsome mdomo, na sijui kusoma mdomo, miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kuhitaji kujifunza. Alirudia polepole, kama anavyosemeshwa mgeni, mpaka nikapata. Alisema nikuandikie wewe, nikwambie koo lake ni zima.

Nilisimama kwenda kutafuta karatasi. Akanishika mkono kunirudisha, akanishika na kidevu, akaniambia jambo la pili, na hilo nilipata kwa mara ya kwanza.

Alisema, "Siku ile nilikuona umeinama. Nikadhani umechoka."

Siombi unisamehe kwa barua, wala usiniandikie maneno ya kunipoza. Nilichotaka ni uyajue kutoka kwangu, kwani ndivyo alivyoagiza. Jumapili piga simu kama kawaida. Kioo cha simu hakijapasuka. Nitamkalisha dirishani, na wewe kaa mahali penye mwanga. Usimwambie apaze sauti, mtazame mdomo tu, na uwe na subira, utazoea.

Fundi redio anakusalimu, anasema redio ya shemeji imetengenezeka tangu mwaka juzi na hakuna anayeifuata. Jirani wa uani naye anakusalimu sana. Wabusu wapwa zangu, na yule mkubwa anayependa vitabu mwambie mjomba atamletea kile cha mbuzi.

Shangazi amekaa hapa karibu yangu ninapoandika. Anatazama mkono wangu. Ameniambia nisimalize bila kuandika kwamba anakukumbuka.

Mimi mdogo wako,
Kijino